Sabra Alisema Wanakula Manyoya

Habari ilinifikia bombani, ndoo bado haijatulia kichwani. Yupo mtu, walisema, anayezunguka vijiji vya huku juu akitafuta manyoya ya kuku weupe waliong'olewa wakiwa hai, ayapeleke kwa mganga kule Mombo. Wanaomfanyia kazi ni watoto wa shule. Anawapa peremende, nao wanawanyonyoa kuku wa mama zao wenyewe, na akishamzoea mtoto anaondoka naye. Aliyesema ni Secilia, jirani yangu. Aliyasema huku anasuuza debe lake, kama mtu anayesema mvua imechelewa.

Nilimjibu kwamba mimi mambo hayo siyaamini. Nikapanda kilima. Nilipofika nyumbani sikwenda jikoni, nilikwenda bandani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mwanzoni mwa tisini. Kila mtu alikuwa anafungua duka la kitu fulani, na ofisi zilikuwa zinafungwa. Mzee Kristian, bwana mifugo wetu, aliyekuwa anapita nyumba hadi nyumba na mkoba wake wa ngozi, alikuwa amepunguzwa kazini na sasa analima karoti. Kule sokoni Lushoto, mtu mmoja aitwaye Rubeni alikuwa anauza vifaranga wa mayai waliotoka mjini kwenye maboksi yenye matundu, na chakula chao anakichanganya mwenyewe kwa koleo nyuma ya duka. Nilichukua vifaranga thelathini na wawili, weupe watupu. Rubeni aliniapia kwamba dagaa wamo. Sikuingiza mkono guniani nikanusa. Nimekulia kwenye kuku wanaojitafutia wenyewe. Nani kwetu aliwahi kunusa chakula cha kuku?

Ningewaachia watembee, yasingetokea haya. Lakini bonde letu lote lilikuwa kabichi za kupeleka Dar, na sheria yetu haijaandikwa popote ila kila mtu anaijua: wakati wa vitalu, kuku akikutwa kwenye miche ya mtu analiwa, na mwenye kuku haulizi. Secilia alikuwa ameshamla jogoo wangu. Alimwita mjomba wangu amchinje kwa Bismillahi, akaniletea paja kwenye bakuli. "Nimefikiria na nyie muweze kula," aliniambia. Nikapokea, nikashukuru, nikala kwa hasira.

Basi mume wangu Ismaili akajenga banda la mabanzi. Banda la kuku kumi na wawili. "Tutaliongeza," alisema. Hakuliongeza, na mimi sikumkumbusha, maana mayai yalikuwa yanakuja.

Kisha migongo ikaanza kuwa wazi. Kwanza mmoja, juu ya mkia, pakubwa kama kiganja. Wiki iliyofuata walikuwa sita, ngozi imewasimama vipele kwa baridi ya huku. Na chini hapakuwa na nyoya hata moja. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningeyakuta manyoya sakafuni ningesema wanapigana, au wanabadilisha. Lakini kitu kimetoka mwilini mwa kuku na chini hakipo; basi kuna aliyekibeba. Darasa la saba nililomaliza halikunipa jibu lingine.

Kazi ya banda ilikuwa ya binti yangu Sabra. Alikuwa na miaka kumi, mtoto wa kuangalia kitu kimoja mpaka uji wake unapoa. Alikuwa anafagia bandani kabla ya shule na akirudi anakaa humo, amechuchumaa, anawatazama tu. Zamani nilikuwa napenda kumwona hivyo. Baada ya yale maneno ya bombani nikaanza kujiuliza anakaa kufanya nini.

Nilipekua mfuko wake wa shule. Ndani ya daftari la Sayansi kulikuwa na manyoya matatu meupe, yamelazwa vizuri.

"Haya ni ya nini?"

"Nilitaka kukuonyesha, mama. Nimeyachomoa mdomoni kwa yule mwenye kucha iliyokatika. Wanakula."

"Wanakula nini?"

"Manyoya. Anamng'oa mwenzake, halafu anameza."

Nilimchapa. Siandiki hapa kwamba nilimkanya au nilimrudi. Nilimchapa, kwa kijiti cha mkaratusi, na kwa kila kijiti nilimwuliza nani anampa peremende. Mara tatu alisema hakuna. Mara ya nne alisema yupo. Nikamwuliza yukoje, akaniambia ana koti. Nikamwuliza koti la rangi gani, akanitazama usoni aone ni rangi ipi ninayoitaka, akasema nyeusi. Nikaweka kijiti chini. Nilijiona nimemwokoa mwanangu.

Leo nikiukumbuka mtazamo ule, ninapata hasira ambayo sijui niitue wapi. Nimemgawia Secilia sehemu yake, na Rubeni yake, nyingine nimempa Ismaili na banda lake. Kila nikigawa inabaki kubwa kuliko nilivyoanza.

Nilimwambia Ismaili ampeleke mtoto Zirai, kwa dada yake Mwanamisi, kabla huyo mtu hajaondoka naye.

"Mama Sabra," alisema, "unamhamisha mtoto kwa ajili ya kuku?"

"Kwa ajili ya kuku? Wewe subiri wamchukue, ndipo ujue ni kwa ajili ya nini."

Aliondoka naye asubuhi, washuke Mombo, washike gari la Muheza, halafu wapande tena milima ya upande ule. Sabra alibeba madaftari yake kwenye mfuko wa rambo. Hakulia. Mlangoni aligeuka akasema, "Mama, yule mwenye kucha iliyokatika mtenge peke yake." Nikamwambia ashike njia, baba yake anasubiri.

Mtoto ameshakwenda, nikasema sasa nilinde na kuku. Nilifanya walivyofanya wakubwa zetu kwa kitu chochote kizuri kinachotazamwa na watu: nilichana kanga nyekundu, nikamfunga kila kuku kitambaa mguuni, kuondoa husuda. Vitambaa thelathini na viwili. Nilisoma na dua nilizokuwa nazijua, nikalala kwa amani.

Siku ya tatu nilikuta damu. Siku ya tano kuku mmoja amekufa, amefunguliwa kwa nyuma, matumbo hayapo.

Ijumaa hiyo, wanaume wakiwa msikitini na njia nyeupe haina mtu, niliingia bandani nikajificha nyuma ya rundo la kuni, na panga mkononi, kumsubiri mwenye koti. Nilikaa kwenye ndoo. Mvua ndogo ilikuwa inagonga bati. Kuku wakanisahau.

Yule mwenye kucha iliyokatika alimwendea mwenzake taratibu, kama anataka kumnong'oneza. Akashika nyoya moja la mgongoni, akavuta. Mwenzake hakukimbia, hakuwa na pa kukimbilia, alijikunyata tu. Nyoya likaingia mdomoni, likapinda, likamezwa. Akavuta jingine. Upande wa pili watatu walikuwa wanadonoa kitambaa changu chekundu mguuni mwa kuku mmoja, wanadonoa, wanadonoa, mpaka kile chekundu hakikuwa tena kitambaa.

Sijui nilikaa muda gani. Wanaume walipita wakirudi kutoka msikitini, nikasikia wanacheka.

Nilimwita Mzee Kristian, akaja na udongo wa karoti magotini. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akainama mlangoni, akatazama kidogo tu. Alichota chakula guniani, akanusa, akapuliza. Kilichobaki kiganjani kilikuwa pumba na unga wa msumeno.

"Dagaa hakuna. Nafasi hakuna. Kazi ya kufanya kutwa hakuna," alisema. "Halafu umewafunga nyekundu miguuni, Mama Sabra. Ungewaandikia kabisa hapa ndipo mle."

"Watu walisema kuna mtu."

"Watu hawakuingia bandani. Nani anayefagia humu? Huyo hakuona?"

Nilikwenda kuchukua kisu.

Tulikata vitambaa vyote. Wenye vidonda tuliwatenga, tukawapaka dawa ya bluu, ile ya vidonda vya watoto, ili wekundu usionekane. Yule mkorofi tulimweka peke yake. Nikatwanga dagaa, nikaning'iniza kabichi kwa kamba wapate cha kudonoa, nikamlazimisha Ismaili kuongeza banda siku hiyohiyo, msumari kwa msumari, nikiwa nimemsimamia. Baada ya wiki tatu migongo ilianza kuota. Kuku walipona.

Wiki tatu hizo sikwenda Zirai. Niliona haya. Mama anaanzaje? Nikamtuma Ismaili. Alirudi peke yake, akavua viatu, akanawa, akala, ndipo akasema.

"Amesema amezoea huko. Mwanamisi naye anasema asisumbuliwe, ameshaandikishwa shule."

"Umemwambia nimeona mwenyewe? Umemwambia alisema kweli?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Ameuliza kama hutamchapa kwa kudanganya habari ya koti."

Alisomea huko, akaolewa huko. Idd anakuja, ananiletea iliki, ananipa shikamoo vizuri. Akina mama wa kikundi chetu wanamsifu, wanasema nina binti mwenye adabu. Sasa wao wanataka kuleta vifaranga mia mbili, na wameniomba niwaandikie, kwa kuwa mimi nimefuga.

Haya ya kuepuka:

Usiwajaze kuku bandani kwa kuwa mayai yanakuja.

Usinunue chakula bila kuingiza mkono na kunusa.

Usiwafungie kutwa bila majani ya kudonoa.

Usimfunge kuku kitu chekundu, wala usiache kidonda bila kukipaka bluu.

Usimwache anayeng'oa pamoja na wenzake, hata kama ndiye anayetaga kuliko wote.

Ukikosa manyoya chini usitafute mwizi. Kaa bandani mchana, utazame.

Usimchape mtoto upate jibu. Atakupa.

Ukikosea, usitume mtu kumrudisha. Nenda mwenyewe, siku hiyohiyo.