Wimbo wa Kumpokea Baba

Mdomo uliponza kichwa, wasemavyo watu, lakini mdomo wa jemadari wa oratoria hii, hadithi ya kuimbwa iliyotungwa miaka mia tatu iliyopita, uliponza kichwa cha mwingine. Aliapa kwamba akishinda vita atamtoa kafara mtu wa kwanza kutoka nyumbani kwake kumlaki. Akatoka binti yake wa pekee, anacheza.

Kwenye rekodi mpya, binti huyo aliimbwa na mwanamke wa miaka arobaini na mbili. Kurekodi hakufuati hadithi. Wapiga tarumbeta walipatikana Jumanne tu, kwa hiyo kifo cha binti, pamoja na kilio chake cha kuaga kinachosindikizwa na fidla, kiliimbwa Jumatatu, na shangwe ya kumpokea baba ikangoja.

Alfajiri ya Jumanne mwimbaji huyo akapigiwa simu na dada yake. Baba yao, aliyekuwa kitandani tangu mwaka jana, ametutoka. Mazishi kesho. Basi la kwenda kwao lilikuwa la saa kumi jioni, kwa hiyo akaja kazini na macho yaliyovimba, akaimba shangwe. Hakukosea popote, ila moyo haukuwemo.

Mwalimu wa kwaya akamfuata alipoketi. Si mtu mbaya, lakini kazi ikimkolea husahau binadamu.

"Pole sana, dada yangu. Nasema hili kwa heshima. Wapiga fidla bado wapo. Tukirudia kile kilio cha jana sasa hivi, watu watasikia kitu ambacho hawajawahi kukisikia."

Nyuma ya kioo, fundi wa sauti aliinamisha kichwa kwa aibu, maana hata yeye alikuwa amewaza hivyo hivyo.

Mwimbaji hakukasirika. "Kilio cha jana kinatosha, mwalimu. Cha leo sikukileta kukiuza."

"Nisamehe."

"Ila ule wa shangwe tuurudie. Nimeuimba kama ninayemzika. Baba alikuwa dereva wa lori, anarudi mara moja kwa mwezi. Tukisikia honi tunagombania mlango, na wa kwanza kutoka ni mimi kila mara. Dada yangu hajanisamehe mpaka leo."

Tarumbeta zikaanza tena. Safari hii aliimba anacheka, kama mtoto aliyemshinda mwenzake mbio, na mwalimu akaongoza huku machozi yanamtiririka, asiweze kuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Wimbo ulipoisha, mwimbaji alitazama saa, akachukua mkoba wake, akaenda kumzika baba yake.