Mfuko wa Koti

"Fundi, usikate hizo," sauti ilisema kutoka upande wa pili wa uzio.

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti mbele ya tuta, kisu cha jikoni mkononi, sahani ya bati pembeni. Hakuinua kichwa. Mkunga mstaafu, jirani yao wa miaka ishirini, alikuwa na mazoea ya kuongea na watu juu ya uzio, na tangu msiba fundi alikuwa amejifunza kumwitikia bila kumsikiliza. Habari, nzuri, mvua imekawia, imekawia, yakaisha.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili na binti yake alikuwa njiani. Fundi alikuwa amemwahidi kwenye simu kwamba wangekula mboga ya mwisho aliyopanda mama yake. Kwa wiki saba hakuwa ameahidi mtu kitu kingine chochote, hata wateja.

Mkewe alilichimba tuta lile Jumanne moja jioni, akaingia ndani na udongo kwenye kucha, akasema kuna kitu amepanda, kikiota fundi atakiona mwenyewe. Alhamisi akaanguka bafuni, hakuamka tena. Watu walilia, fundi akashona. Alishona sare za shule, kola baada ya kola, akiungoja uchungu kama anavyongojwa mteja aliyesema yuko hapo kwenye kona. Haukuja. Kilichokuja ni majani kwenye tuta.

Basi akayashika hayo. Mvua ilikuwa imekawia, akabeba maji, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Aling'oa yaliyokonda, akaacha yaliyonona, akayapimia nafasi kwa ile futi yake ya kupimia viuno vya watu, na yaliyoanza kuinama akayafunga kwenye vijiti kwa vipande vya kitambaa cha bitana. Wateja hawakumwita Nusu Inchi bure.

"Kwa nini nisikate?" aliuliza.

"Si mboga hizo. Ni magugu, fundi. Hata mbuzi ukimpa atageuza uso."

Fundi alilitazama tuta. Yalikuwa magugu mazuri, lazima isemwe. Sidhani kama kuna magugu yaliyowahi kulelewa vile, na kufungwa bitana juu yake.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nakuona unatoka ndani kila asubuhi kwa ajili yake," mkunga alisema. "Ningekuambia, ungetoka kwa ajili ya nini?"

Hapo mtu angekasirika, au angecheka. Fundi alijipapasa moyoni, hakukuta hiki wala kile. Aliweka kisu kwenye sahani.

Mkunga akaendelea, kwa kuwa kimya kilimshinda siku zote. Alisema hata yeye alishangaa, maana mbegu alizitoa yeye. Ilikuwa mbegu ya mchicha mwekundu, kiganja kizima, na walisimama hapo hapo kwenye uzio wakipiga soga mpaka jua likashuka. Mke wa fundi hakuwa na karatasi, akazimimina mfukoni.

"Mfuko gani?" fundi aliuliza.

"Wa koti lake lile la kulimia."

"Wa kushoto?"

Mkunga alifumba macho akaupeleka mkono wake ubavuni, kama anayeliona lile koti. "Wa kushoto," alisema.

Fundi alilijua. Koti alilishona mwenyewe, na mfuko wa kushoto ulikuwa umetoboka mwaka wa tatu huo. Mkewe aliomba ushonwe, kwanza kwa upole, halafu kwa kumtania mbele ya wateja kwamba mke wa fundi ndiye pekee mtaani anayetembea na matundu, halafu akaacha kuomba. Kila mara fundi alimjibu lete kesho. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Akainuka, akaenda kwenye uzio, akatazama chini. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Pale chini, mahali mtu angesimama kuongea na jirani, vimiche vyekundu vilikuwa vimebanana, vidogo kuliko ukucha.

"Mliongea nini muda wote huo?"

"Nani anakumbuka? Upuuzi tu. Tulikusema na wewe kidogo."

"Mlisema nini?"

"Kwamba huoni kitu mpaka ukipime."

Kutoka pale wekundu ulikwenda kwa mstari, mche huku, mche kule. Fundi aliufuata akiwa ameinama. Ulipinda kuelekea kamba ya nguo, na chini ya kamba ukawa mzito tena. Hapo mkewe alikuwa amesimama, labda kushika shuka kama limekauka. Ukazunguka bomba. Ukapita katikati ya njia ya kutoka mlango wa jikoni, ukaanza kupungua, na mche wa mwisho ulikuwa hatua mbili kabla ya tuta. Hakuna mbegu iliyofika; labda gizani alitawanya vumbi la mfukoni akidhani ndizo. Wiki saba alikuwa amemwagilia mahali ambapo mkewe alifika mfuko mtupu.

Pale njiani miche mingi ilikuwa imelala, na juu yake kulikuwa na alama za kandambili. Kandambili zilikuwa zake. Hapo aliumia, kidogo tu, kama sindano inapogusa kidole chenye sugu, lakini aliumia.

Aliporudi kwenye uzio mkunga alikuwa amekata fungu la mchicha mwekundu kutoka kwake na kulipitisha juu.

"Mpikie binti. Ni ndugu zao hawa, mbegu ni ileile," alisema. Fundi alipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimwambia asante akimtazama usoni.

Alirudi ndani kwa kuzunguka mbali, ubavuni mwa ukuta, fungu kifuani. Alilichambua, akalikatakata, akabandika sufuria. Kisha akalitungua koti kutoka kwenye msumari nyuma ya mlango, akaketi kwenye cherehani na kuutoa mfuko nje. Tundu lilipitisha kidole cha mwisho. Kwenye mshono, penye uchafu wa udongo, mbegu tatu nyeusi zilikuwa zimenasa.

Alitunga uzi, akaweka kitambaa cha mfuko chini ya sindano, akakiondoa, akakiweka tena. Binti alibisha hodi mlango wa mbele, akamwita baba. Fundi alimwitikia karibu, kidole kikiwa bado ndani ya tundu, mguu juu ya pedeli, hajakanyaga.