Kuchagua Baruti na Baba Mkwe

Mke wangu Solveig tulimzika Mei. Septemba baba yake, Arvid Stensrud, aliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, akalitazama bakuli la nafaka na maziwa niliyokuwa nikila kwa chakula cha jioni.

"Vaa koti," akasema. "Msimu wa kulungu unakuja, na wewe hujui kujitengenezea hata risasi moja."

Nikavaa koti. Siku zile aliyeniambia kaa nilikaa, aliyeniambia simama nilisimama.

Duka la bunduki la Luella liko nyuma ya maghala ya ngano. Kwenye rafu za baruti nilichukua kopo lililokuwa karibu na mkono.

"Hiyo ya nini?" Arvid akauliza.

"Baruti."

"Naona ni baruti, mimi si kipofu. Unachukua kama unachukua soda! Hiyo ni ya bastola, inaungua upesi mno. Ukiitia kwenye bunduki ya Solveig, tutakuzika na wewe."

Nikalirudisha kopo.

"Anza na mnyama," akaendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Unawinda kulungu, basi chagua kwanza kichwa cha risasi kinachomfaa kulungu. Halafu kitabu cha vipimo kikuambie baruti ipi inaendana nacho. Kitabu, baba, si mimi wala jirani. Na maganda ya risasi yawe ya aina moja, usichanganye."

Nikaitikia. Nilisikia kila neno, ila kama redio ya chumba cha pili.

Luella alikuwa amerudi wiki ile kutoka Arizona, alikomuuguza dada yake tangu majira ya baridi. Alipotuona akacheka.

"Arvid! Huyu mwanafunzi mzee umemwokota wapi? Solveig alikuwa anajaza risasi zake tangu hajaota meno ya utu uzima! Yuko wapi mwenyewe, anamwachia mume aharibu kazi?"

Nilingoja niumie. Hakikuja kitu. Ilikuwa kama jino lililopigwa ganzi: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, basi.

Arvid alikuwa ameshika boksi la fataki, zile za kuwasha baruti. Akaligeuzageuza.

"Tulimzika Mei, Luella. Mshipa ulipasuka kichwani."

Luella akajifunika mdomo. Akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele yake kwa muda, hajui la kufanya na mikono. Kisha akalichukua lile boksi taratibu.

"Arvid, hizi ni za bastola."

Mzee akalitazama. Miaka yote ile alikuwa akinunua fataki kwa kupapasa tu, bila kukosea.

"Ndiyo," akasema. "Ni za bastola."

Luella akampa za bunduki.

Tulizijaza risasi kwenye meza ya Solveig, mimi nikipima baruti, Arvid akipima tena nyuma yangu. Jumamosi tukaenda korongoni kulenga karatasi. Matundu yalikaa karibu karibu.

"Zimeshikana," Arvid akasema.

"Zimeshikana."

"Umekula?"

"Bado."

Akanipeleka kwake, akapika viazi vikaungua chini, tukavila. Mwaka ule sikupata kulungu. Yeye alipata mmoja, akaniletea nusu, akaipanga mwenyewe kwenye friza yangu.