Watu Wanane, Kilo Mia Sita

Saa tatu kasoro robo asubuhi, wakaguzi wanane wa lifti walisimama kwenye ukumbi wa hospitali ya wazazi wakisubiri mlango ufunguke. Kibao cha ndani kilisema: watu wanane, kilo mia sita. Kanuni inataka lifti ijaribiwe kwa mifuko ya mchanga, lakini nani avunje mgongo kwa mshahara ule? Wakaguzi huingia wenyewe. Wanane ni wanane, husema, na kazi huisha kabla ya chai.

Kasoro ilikuwa moja. Mkaguzi akitia saini cheti cha lifti mbovu, hupungua kilo kadhaa. Hakondi, kitambi hubaki palepale, ila mizani haikioni. Ofisini jambo hilo lilikuwa limezoeleka. Feni zilizimwa zamani, viti vilifungwa mikanda, na fundi viatu wa jirani aliwawekea soli za chuma kwa bei ya kujuana. Mkuu wa kitengo alishafika darini. Faili alipelekewa kwa ngazi, na akimaliza kuzisoma huziachia zianguke.

Aliyebaki na uzito wake ni mmoja tu, mwanamke waliyemtania kwa jina la Mama Kilo. Hakuwa malaika. Marehemu baba yake alimwachia neno moja, usiandike usichokiona, naye alilishika kwa kuwa hakuachiwa kingine. Miaka kumi na tisa kazini, cheo kilekile, na magoti yameanza kulalamika.

Waliingia. Wenzake saba wakavua viatu vya chuma ili wasikwaruze sakafu mpya, wakashika vishikio wasielee. Lifti ikapanda hadi ghorofa ya sita bila hata kukohoa.

"Safi kabisa," alisema naibu mkuu, miguu ikining'inia.

"Imebeba mtu mmoja," alisema Mama Kilo. "Na kamba yake ya chuma imekatika nyuzi tano, nimeziona nilipotangulia kuikagua kule juu. Tulete mchanga."

"Tumehesabu wanane, dada. Acha kututafutia balaa, lifti nne zinatungoja."

"Mdogo wangu anajifungulia hapa wiki hii."

"Hongera," alisema naibu, na alimaanisha.

Walitia saini saba. Yeye aliandika "Sikubali" sehemu ya maoni, chini kabisa. Naibu akaikunja sehemu hiyo kwa nyuma, cheti kikaenea vizuri kwenye fremu. Kisha akapaa kidogo, na mwenzake akamdaka kwa upindo wa suruali. Mama Kilo alishuka kwa ngazi. Alijisikia mchovu, uchovu wa mtu aliyefua nguo ambazo kesho zitachafuka tena.

Alhamisi mdogo wake alishikwa na uchungu. Wodi ilikuwa ghorofa ya sita, na mbele ya lifti kulikuwa na foleni: wajawazito wawili, waume zao, mama wakwe watatu na vikapu vyao, muuguzi mmoja.

"Jamani, msipande hii," Mama Kilo aliwaambia. "Kamba ni mbovu. Mimi ni mkaguzi."

Mwanamume mmoja mwenye chupa ya chai alisogelea fremu, akasoma taratibu.

"Mbona kuna saini saba, mama?"

"Yangu haimo."

"Basi saba wanatosha," alisema kwa upole, akampisha mkewe aingie kwanza. Waliingia wanane. Hakuna aliyehitaji kushika kishikio.

Mama Kilo alimshika mdogo wake kiunoni, wakaanza ngazi. Ghorofa ya pili mdogo mtu alisimama, akauegemea ukuta, jasho likimtoka.

"Dada, nimechoka. Wenzangu wamepanda lifti."

"Najua, mpenzi."

"Sasa mbona umesimama? Unasikiliza nini?"

Nyuma ya ukuta lifti ilikuwa ikipita, polepole, na uzito wa watu wote waliokuwamo.

"Vuta pumzi," alisema Mama Kilo. "Zimebaki ghorofa nne."