Nywele Alizoahidiwa Bikira

Jumatatu, tarehe 29 Januari 1951. Asubuhi ile Jiji la Meksiko liliamka na baridi ya kuuma masikio, na misa ya kwanza haijaisha upepo ukaanza kuleta vumbi kutoka ziwa lililokauka la Texcoco. Vumbi lile lina chumvi. Huingia machoni, huingia kwenye maziwa, huingia kwenye nywele. Nilipofika studio ya filamu nilimkuta Leocadia Urrutia ameketi mbele ya kioo, amejifunika shali, kahawa yake haijaguswa.

“Nisuke, komadre,” alisema. “Nisuke vizuri. Leo Don Evaristo anakuja.”

Mimi ni Hermila Basurto na kazi yangu ni nywele. Nimemsuka Leocadia tangu alipokuwa msichana wa kupita nyuma ya waigizaji wakubwa akiwa na mtungi begani. Mimi pia ndiye niliyemshika bintiye Otilia siku ya ubatizo, na ndiyo maana tunaitana komadre. Kwetu jina hilo si la kuchezea. Ni undugu uliofungwa mbele ya Mungu.

Msuko wake ulikuwa mmoja, mweusi, mnene, ukishuka mpaka chini ya kiuno. Nchi nzima iliujua. Katika filamu yake ya tatu aliufungua mbele ya jeneza la mchumba wake, polepole, bila kusema neno, na wanaume wazima walilia kwenye majumba ya sinema kutoka Puebla mpaka Monterrey. Tangu hapo kila mtayarishaji alitaka msuko ufunguliwe. Umefunguliwa gerezani, umefunguliwa kanisani, umefunguliwa juu ya farasi anayekimbia. Mwenyewe alikuwa akicheka. “Mimi wananilipa kufungua,” aliniambia, “na wewe wanakulipa kufunga.”

Siku hizo alikuwa hacheki tena. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Magazeti yalisema ishirini na tisa.

Mwezi wa Desemba Otilia, aliyekuwa na miaka sita, alishikwa na dondakoo. Shingo ilivimba, pumzi ikawa inapiga filimbi. Daktari alitoka chumbani na uso wa mtu anayekuja kuwaandaa watu kwa msiba. Leocadia akaenda nyuma ya pazia, akapiga magoti peke yake, akaweka nadhiri kwa Bikira wa San Juan de los Lagos: mtoto akipumua, atampelekea msuko wake siku ya Kandelaria, sikukuu ya mishumaa ya tarehe 2 Februari. Alipotoka alituambia, mimi na mama yake, Doña Tranquilina. Kulipokucha mtoto alikuwa anapumua, na kabla ya Krismasi alikuwa anaomba peremende.

Nadhiri kama hiyo kwetu ni ya kawaida. Ukiingia kwa Bikira wa San Juan utaiona misuko imetundikwa ukutani, imefungwa utepe, ya wasichana waliopona na ya wake ambao waume zao walirudi salama kutoka vitani. Lakini hakuna hata msuko mmoja ambao mwenyewe alikuwa akiutegemea kupata mkate wake.

Kandelaria ilikuwa Ijumaa ile. Na filamu ilikuwa nusu. Ilibaki picha ya mtoni, Xochimilco, ambapo Leocadia alitakiwa kufungua nywele ndani ya maji, na haingepigwa mpaka katikati ya Februari, kwa sababu mwigizaji mwenzake Ramiro alikuwa Havana.

Don Evaristo Pliego, mtayarishaji wetu, aliingia akinukia manukato, na boksi kwapani.

“Leocadia, roho yangu, nimekuletea dawa ya ile nadhiri uliyonieleza.” Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na msuko mweusi, wa kuvaa. “Mpelekee Bikira huu. Nywele za watu kweli! Za masista wanovisi wa Puebla, walizokatwa walipoingia utawani. Tayari zina baraka, unataka nini zaidi?”

“Bikira ana macho, Don Evaristo,” nilisema.

“Doña Hermila, Bikira anapokea misuko mingapi kwa mwaka? Unadhani anakagua mizizi?”

Leocadia aliushika ule msuko kama mtu anayeshika samaki ambaye hakumnunua. “Basi nivae huu mimi mbele ya kamera,” alisema, “nikapeleke wangu San Juan.”

“Mtoni? Umelowa? Kamera ipo hapa puani? Tulijaribu kwa yule mwigizaji chipukizi, binti wa Veracruz, kabla nywele zake hazijarefuka, akatoka majini kama punda aliyenyeshewa.” Kisha akavuta kiti, na sauti yake ikashuka. “Sikiliza. Mkataba wako una filamu mbili zaidi. Ukija hapa na kichwa cha mvulana, namaliza hii na binti wa Veracruz, na zile mbili nampa yeye. Sikuachi njaani. Kuna nafasi ya mama yake Ramiro.”

“Ramiro nimemzidi miaka minne!”

“Basi ulizaa mapema.”

Alicheka peke yake, akatoka, akaacha boksi mezani; mimi nikalifunga kwa utepe.

Leocadia alijitazama kwenye kioo. “Unajua wanawake wanaokwenda kwenye nafasi ya mama, komadre,” alisema. “Umewahi kumwona mmoja akirudi?”

Sikuwahi. Nikamshauri aende kwa Padre Anselmo, kwa sababu padre ana mamlaka ya kubadili nadhiri. Anaweza kuigeuza kuwa sala, au mfungo, au sadaka kwa yatima. Alikwenda Jumanne. Aliporudi alikaa kwenye kiti changu bila kuvua shali.

“Amekataa?” niliuliza.

“Hakukataa. Aliniuliza swali moja tu. Kama nataka kubadili kwa sababu siwezi, au kwa sababu sitaki.”

“Ukajibu nini?”

“Nilimwambia nitarudi.” Hakurudi.

Kufikia Jumatano habari ilikuwa imezunguka studio nzima, maana kuta za studio ni za mbao na karatasi. Mafundi walimwangalia Leocadia wakati akipita, kisha wakaangalia juu kwenye taa. Taa moja ilikuwa imepasuka asubuhi, kama taa zinavyopasuka kila wiki, lakini safari hii kila mtu alijua imepasuka kwa sababu gani.

Cipriano, mkuu wa mafundi wa taa, alikuja kwenye mlango wangu, kofia mkononi. “Doña Hermila, zikibaki nywele zozote niwekee. Huu upara wangu umeshafika Toluca.”

“Nenda zako. Wewe una tamale za kutununulia Ijumaa, usisahau.” Siku ya Wafalme, tarehe 6 Januari, yeye ndiye aliyekuta kitoto cha kaure ndani ya kipande chake cha mkate, na anayekikuta hulisha wenzake tamale, maandazi ya mahindi ya kupikwa kwa mvuke, siku ya Kandelaria.

“Tamale nitalipa,” alisema Cipriano, na mzaha ukamtoka usoni. “Mimi kitoto kilinidondokea tu mdomoni. Yeye Leocadia alirudishiwa mtoto wake. Mwambie kwa heshima, Doña Hermila. Vijana wangu hawataki kupanda huko juu mpaka alipe.”

Nilimwambia kwa heshima. Alilia kwa hasira. “Kila mtu anajua ninachodaiwa,” alisema, “na hakuna anayejua ninachopoteza. Wao Jumatatu watapanda juu ya taa zao. Mimi nitapanda wapi?” Usiku nilisali rozari nzima, na katika kila fumbo nilimwona yeye ameketi mbele ya kioo. Sikumwomba Mungu achague hili au lile. Niliomba tu Leocadia asimdanganye Bikira, maana lile boksi lilikuwa bado mezani, na nilikuwa nimeuona utepe wake umefunguliwa na kufungwa upya na mkono usio wangu.

Alhamisi alasiri tulikuwa tayari kupiga picha ya jikoni. Leocadia alisimama mahali pake, msuko begani. Don Evaristo alikaa nyuma ya kamera. Hapo mlango mkubwa ukafunguliwa, vumbi likaingia kwanza, kisha Doña Tranquilina, na kapu mkononi. Otilia alikuwa amemshika sketi.

“Doña Tranquilina, tunapiga picha!” alisema Don Evaristo.

“Pigeni. Mimi nina basi la San Juan, sikai.” Akatembea mpaka katikati ya mwanga, mbele ya binti yake, akashusha shali kichwani.

Mama yule alikuwa na msuko mweupe ambao haukuwahi kuguswa na mkasi tangu alipozaliwa. Ulikuwa haupo. Kichwa kilikatwa ovyo mpaka masikioni, kwa mkasi wa kukatia kuku nadhani, na ngozi ya shingo ilionekana nyembamba kama ya kifaranga. Akafunua kitambaa kwenye kapu. Msuko mweupe ulilala pale, umefungwa utepe mweusi.

“Mama,” Leocadia alisema. “Mama, umefanya nini?”

“Nilichoweza.”

“Hii si yako kulipa! Niliahidi mimi.”

“Uliahidi nyuma ya pazia, mwanangu. Nani alikusikia? Bikira akiniuliza nitamwambia nywele hizi na zile zimetoka tumbo moja. Zimechakaa, lakini si za mtu mwingine.” Alisema bila ukali wowote. Nadhani angemkemea ingekuwa rahisi zaidi.

Otilia alinyoosha mkono akapapasa kichwa cha bibi yake. “Bibi anafanana na mjomba Chema akitoka kwa kinyozi,” alisema. Watu wawili watatu walicheka.

Don Evaristo alipiga makofi. “Basi, jambo limekwisha! Bikira amepata nywele za ukoo. Asante sana, Doña Tranquilina, Mungu akupeleke salama. Mahali penu! Cipriano, taa!”

Cipriano hakugusa kitu.

“Cipriano, nimesema taa!”

“Zimeshikwa na mafua, Don Evaristo. Ni hili vumbi.” Akashuka ngazi, akainama kwa Otilia. “Njoo, malkia, nikuonyeshe farasi wa studio. Yupo mmoja anakula kofia.” Wakatoka wawili hao, na vijana wake hawakusogea mahali walipokuwa.

Leocadia alichukua kapu kutoka kwa mama yake. Hakulia. Aliugusa ule msuko mweupe kwa kidole, kisha akataka kujifunga shali lake juu ya nguo za filamu, fundo likamshinda. Nikamfungia mimi.

“Ukitoka kwenye mlango ule,” alisema Don Evaristo, na sasa alisema taratibu, “usidhani nilikuwa nakutania. Jumatatu binti wa Veracruz anasimama mahali pako.”

“Najua, Don Evaristo.”

“Na wiki ijayo utanijia unalia.”

“Huenda nikaja nalia,” alisema. Kisha akatugeukia sisi: mimi, mama yake, vijana wa taa, mpiga picha, mama wa mavazi na pini zake mdomoni. Sauti yake haikuwa ile ya filamu. Ilikuwa ndogo, na ilibidi watu wa nyuma wasogee.

“Safari ile hakunisikia mtu, kwa hiyo sasa nisikilizeni nyote. Kesho asubuhi nitaingia San Juan na mama yangu, na komadre wangu ataukata msuko huu mbele ya Bikira. Nikirudi, nikipewa kucheza mama, nitacheza mama. Nisipopewa kitu, nitakaa bila kitu. Na mpaka naingia kaburini, mtoto yule aliyetoka hapa hatasikia mdomoni mwangu, hata siku ya hasira, hata siku ya njaa, kwamba nilipoteza chochote kwa ajili yake. Naahidi mbele yenu.”