Kofia Niliyomvisha Baba Hanan

"Hebu geuka," nilimwambia mume wangu. "Geuka tena."

Baba Hanan akageuka mlangoni, kanzu imepigwa pasi, anakwenda zake kusali Ijumaa. Nikaitazama kofia yake, moyo ukanipasuka. Safu za nakshi zilikuwa zimepinda. Basi operesheni haikufaa kitu, nikajiambia. Ya Rabbi, na jicho lenyewe ndilo hili moja!

La kushoto lilikufa kitambo, mimi nabisha kuwa sukari yangu si kubwa, na haluwa haikauki sahanini. Kisha hili la kulia nalo likaanza. Kofia nazishona tangu umwari wangu, na hapa Junda hakuna wa kunifundisha kunyoosha safu, wallahi. Lakini mwaka jana kila nilichoshona nilikiona kinakwenda upande. Nikalaumu uzi, nikalaumu kitambaa, hata binti yangu Hanan nikamlaumu kwa kunisemesha. Ile kofia ya babake niliifumua, nikaishona upya mpaka safu zikanikalia sawa machoni. Nikamvisha kwa mkono wangu, maana kwetu kofia ya mume haitoki dukani.

Siku niliyosema nguzo ya umeme imeinama, ndipo Baba Hanan aliponishika mkono tukaenda hospitali. Daktari akasema sukari imevimbisha nyuma ya jicho. Sindano zikajaribiwa, hazikutosha. Kulikuwa na utando unavuta huko ndani, lazima uondolewe. Huenda nikaona vizuri tena, huenda nisione.

Niliogopa, sifichi. Baada ya operesheni Baba Hanan ndiye aliyenitia matone ya dawa, kila tone na bismillahi yake, na dawa nyingine ikaniingia sikioni. Nikamtania kwa kumwita fundi bomba, naye akacheka. Miezi ikapita, ukungu ukapungua kidogo kidogo, nikaanza kutumaini.

Na sasa hii kofia.

"Walia nini, Mama Hanan?"

"Bado naona mambo yamepinda. Tazama kofia yako!"

Akasema polepole, "Utazame mlango."

Nikautazama. Miimo yake imenyooka. Nikatazama nje, nguzo ya umeme imesimama wima kama askari. Nikairudia kofia: imepinda vilevile.

"Ulijua?"

"Tangu siku uliyonivisha."

"Na ukaenda nayo msikitini? Mbele ya watu wote?"

"Kila Ijumaa."

Nikacheka huku nalia. Aibu gani hii, na raha gani! "Ivue basi, nikushonee nyingine."

"Nishonee," akasema, akiikaza kichwani. "Lakini hii siivui."

Akaenda zake. Nilisimama mlangoni nikiitazama ile kofia yangu mbovu inavyokwenda kichochoroni, na niliiona mpaka alipokata kona.