Mpira Ndani ya Pipa

Mpima maji alifika kwa kaka yake jua likiwa utosini, miguu inawaka moto, majibu ya maabara mfukoni. Visima vyote alivyopima bondeni vilikuwa salama, isipokuwa hiki cha nyumbani kwao, kinachowanywesha mama yao na majirani wote.

"Kina dawa ya wadudu," alisema kabla hata ya kuketi. "Lazima nikifunge."

"Kisima kirefu hivi? Dawa imefika kule chini kwa basi?" Kaka alimcheka dada yake. "Mdogo wangu, shule imekuchosha akili."

"Umenichosha wewe. Nilikukataza kuoshea bomba la kupulizia hapa."

"Na siku hizi naoshea kule shambani! Muulize mama."

Mama, aliyekuwa barazani akipepeta mahindi, aliitikia kwa kichwa. Mpima maji aliamini. Kaka yake alikuwa mbishi, si mwongo. Hilo lilimchosha zaidi: mwongo angekuwa rahisi.

Akakizunguka kisima. Kando ya pampu palikuwa na pipa la kuchanganyia dawa, na mpira wa maji utokao kwenye pampu umezamishwa ndani yake hadi chini.

"Mbona mpira umeufikisha chini?"

"Ukiwa juu dawa inatoa povu. Umeme ukikatika nauacha humo humo, ukirudi naendelea."

Mpima maji akauchomoa mpira, akausuuza, akautumbukiza kwenye ndoo tupu.

"Washa."

Ndoo ikajaa.

"Zima."

Wakainama wote wawili. Maji yakaanza kushuka ndani ya ndoo, kimya kimya, mpaka mpira ukafyonza hewa kwa mkoromo.

"Yameenda wapi?" kaka aliuliza.

"Yamerudi kisimani. Valvu ya chini, ile ya kuzuia maji yasirudi, imekufa. Kila umeme unapokatika, kisima kinakunywa pipa lako."

Kaka aligeukia barazani, akamwona mama ameinua kikombe.

"Mama, usinywe!"

"Nimekunywa msimu mzima, baba. Leo ndiyo unanizuia?"

Mpima maji akatoa kufuli aliyokuja nayo; kaka akaichukua, akakifunga mwenyewe kisanduku cha swichi. Kisha akakodolea macho nyumba za majirani.

"Nitawaambia nini?"

"Ulichokiona kwenye ndoo."

Akatangulia. Mpima maji akajikokota nyuma yake; miguu ilikuwa bado inauma, na nyumba zilikuwa nyingi.